Siku Tulizompa Jerusha

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, na kibaya zaidi ni kwamba nilipigiwa makofi.

Si kwamba ujinga ni mgeni kwangu. Nimewahi kununua simu Isebania, nikafika nyumbani nikafungua boksi nikakuta kipande cha sabuni, tena sabuni yenyewe si ya kuogea. Nimechimba dhahabu Macalder miezi saba nikatoka na kikohozi. Lakini mara hizo zote nilikuwa mjinga kwa gharama yangu mwenyewe, na mtu akijigharimia ujinga wake ana haki ya kuusimulia akicheka. Siku ile ya bekari nilikuwa mjinga kwa gharama ya mtu mwingine, nikiwa nimesimama juu ya gunia la unga, meno yote nje.

Naitwa Gisiri. Kwetu ni Kegonga, ila huu ni mwaka wa kumi na moja nikifanya kazi katika bekari ya Mzee Motari, hapa Migori mjini, nyuma ya soko. Ni bekari ndogo, oveni yake ni ya kuni, na mikate yetu huliwa kuanzia mjini mpaka maduka ya vijijini ambako lori kubwa huona uvivu kuingia. Tulikuwa watu saba. Mimi na Jacktone tulikuwa wa oveni. Oyaro alikuwa wa kukanda. Dorah, Liz na Metrine walifunga mikate na kuipanga kwenye kreti. Wa saba alikuwa Jerusha.

Kwenye kitabu Jerusha aliandikwa kama mfungaji mikate, lakini ukweli ni kwamba alikuwa pua ya bekari nzima. Aliingiza kidole kwenye unga uliokandwa, akakichomoa, akaangalia shimo linavyojifunga, akasema, "Bado." Ukimbishia, ulitoa tofali badala ya mkate. Mimi nilipotoka kwenye migodi sikujua tofauti ya hamira na magadi. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusoma oveni kwa kuweka mkono mlangoni na kuhesabu. Nikiondoa mkono kabla ya saba, moto ni mkali. Nikifika kumi na tano, nimelala kazini.

Alikuwa na miaka hamsini na sita, mjane, mtu wa kisiwa cha Rusinga. Mumewe alipofariki, shemeji yake alimpa pembe ya chumba nyuma ya jiko, na kwa miaka miwili aliishi akiomba kila kitu kwa mke wa shemeji: unga, mafuta, kiberiti. Ndipo akaja Migori akapata kazi kwa Motari na chumba kimoja mtaa wa Oruba. Chumba chenyewe hakikuwa na dari, lakini alikipenda kama watu wanavyopenda jumba. "Mimi Rusinga nitarudi na chumvi yangu mkononi," alikuwa akituambia, "ama nirudi ndani ya sanduku. Kuomba nimemaliza."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Leba Dei ilipofika na kima cha chini cha mshahara kikatangazwa kupandishwa. Mimi nilicheza ngoma na trei kichwani. Nilimwendea Mzee Motari pale mezani kwake nikamwambia, "Mzee, serikali imetuonea huruma kabla yako!"

Motari ni Mkisii, mzee wa kanisa la Wasabato, mwembamba, na huwa hapandishi sauti hata akikanyagwa. Akasema, "Gisiri, ikishaandikwa kwenye karatasi ya serikali, nitalipa."

Na ilipoandikwa, akatuita. Alikuwa ameshika biro na mfuko wa karatasi wa mkate, amejaza hesabu upande mmoja mpaka mwingine.

"Nitalipa yote," akasema. "Lakini nitalipa watu sita. Saba sitaweza."

"Si uongeze bei ya mkate, Mzee," Oyaro akasema.

"Nikiongeza hata shilingi tano, maduka yote yatachukua ule mkate wa lori. Wewe Oyaro mwenyewe utaununua."

Jacktone akakohoa kidogo. "Kuna mahali, Mzee, sisemi wapi, watu wanatia saini pesa ya serikali, halafu wanapokea ile ya zamani. Tumekaa vizuri hapa, saba. Sisi hatutasema."

"Wewe Jacktone unataka Sabato nisimame mbele ya watu niombe, na mkono huu umeandika uongo tangu Jumapili?" Motari akauinua mkono wenyewe tuuone. "Hapana. Sita."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Macho yetu yalienda yenyewe, na sisi wenye macho tukajifanya hatujui yalikokwenda. Jerusha alikuwa akikunja karatasi za mikate. Hakuinua kichwa. Akauliza tu, "Mzee, ni mwisho wa mwezi huu ama ule mwingine?"

Swali hilo lilinichoma. Nasema hivi ili mjue kwamba sikuanza na roho mbaya; roho ilikuwa nzuri kabisa, akili ndiyo iliyokuwa likizo. Nikapanda juu ya gunia la unga.

"Wazee na akina mama," nikasema, "kwetu Kegonga mtu akizidiwa na shamba tunaita risaga. Jirani wote wanakuja, kila mmoja anatoa siku moja, shamba linakwisha, tunakula, tunaenda nyumbani. Hakuna mtu amewahi kufa kwa kutoa siku moja. Tufanye risaga hapa! Mzee atulipe kwa siku. Sisi sita, kila mmoja amkatie Jerusha siku moja kwa wiki. Siku sita zikikutana, si ni kazi ya mtu mzima hiyo?"

Motari akageuza mfuko wa karatasi, akatafuta mahali peupe, akaandika, akafuta, akaandika. "Mimi nalipa siku," akasema mwishowe. "Siku zikiwa zile zile, atakayezifanya ni shauri lenu. Andikeni."

Tukabandika karatasi ukutani. Kila mtu akaandika jina lake mbele ya siku aliyoitoa. Mimi niliandika Jumapili.

Sasa lazima niwaeleze Jumapili. Jumamosi bekari hufungwa, hakuna hata paka anayeingia. Kwa hiyo Jumapili asubuhi oveni imelala baridi tangu Ijumaa. Unachota majivu ya wiki nzima, na majivu hayo huwezi kuyafikia bila kuingiza kichwa na mabega ndani ya mdomo wa oveni. Halafu unawasha, na kuni zimepigwa na umande, na matofali yamenyonya baridi, na moshi unakataa bomba unakuja kwako. Saa nne nzima unapigana nayo kabla haijakubali mkate wa kwanza. Mimi nilichukia Jumapili kuliko kodi. Nikajiambia: kama ni kutoa, si nitoe hiyo? Kwa miezi mitatu nilidhani ni mimi tu niliyekuwa mjanja kiasi hicho.

Jacktone naye akaandika Jumapili. Watu wawili wa oveni, wote Jumapili. Wengine wakachukua Jumatatu mpaka Alhamisi, kila mmoja yake. Ijumaa ikabaki wazi.

Ijumaa kwa Motari ni siku tamu. Tunafunga saa sita, kila kitu kiwe safi kabla jua halijatua na Sabato kuingia, na tunalipwa siku nzima. Tena kila mtu anapewa mkate mmoja wa kwenda nao nyumbani.

Motari akaisoma karatasi, akasugua pua. "Hapa naona siku tano. Ijumaa hakuna aliyetoa. Na Jumapili oveni imebaki na nani?"

Kimya. Unajua kile kimya cha watu wazima wakiangalia viatu vyao? Mimi kimya siwezi. Nikaruka juu ya gunia tena.

"Jumapili si imebaki na mwalimu? Sisi wote oveni tulifundishwa na Jerusha! Mwalimu akiwepo wanafunzi ni wa nini? Na Ijumaa, jameni, muacheni mama wa watu apumzike. Mnataka afe na kazi?"

Wakacheka, na ndipo makofi yakapigwa. Hata Motari alitabasamu. Jerusha akainuka, akapangusa mikono kwenye aproni, akatuzunguka mmoja mmoja akitushika mkono. "Ero kamano," akasema kwa kila mtu, ahsante, mpaka akafika kwangu, na mimi akanishika kwa mikono miwili. "Gisiri, nyathina, mwanangu. Umenirudishia nyumba yangu."

Mimi nikamwambia, "Mama, usijali, utanilipa na maandazi."

Basi mambo yakaenda. Mshahara wa siku tano za sheria ulikaribia sana ule wa zamani wa siku sita, na juu yake nilikuwa na Jumapili yangu. Nikawa naamka saa tatu. Naangalia mpira. Siku nyingine naenda Kegonga kuona mama, na huko nawasimulia watu jinsi nilivyomwokoa mjane mmoja wa Kijaluo kwa risaga ya Kikuria, na wananipa kiti kizuri.

Jerusha akaanza kuja Jumatatu na macho mekundu. "Mama," nikamwambia mbele ya watu, "siku hizi unavuta nini? Tugawie." Watu wakacheka. Yeye akasema, "Ni moshi tu, nyathina," akaendelea kusugua mikebe ya kuokea.

Jumapili ya sita au ya saba nilikuwa na safari ya heshima, tulikuwa tunampeleka binamu yangu kwa wakwe. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na viatu ambavyo vilikuwa bado vinalia nikitembea. Barabara ya mbele ilikuwa tope, nikakata njia nyuma ya bekari. Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa hizo moshi unapaswa kuwa umeshatulia. Nikaona bado unatoka mweusi, nikachungulia mlango wa nyuma.

Jerusha alikuwa ndani ya oveni mpaka kiunoni. Nje ilibaki sketi na miguu. Alikuwa akichota majivu kwa debe, anarudi kinyumenyume, analimwaga, anaingia tena. Alikuwa amejifunga leso puani, na katikati ya kukohoa alikuwa akiongea na ile oveni kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekataa chakula. "Kula basi. Kula kidogo tu. Utaniaibisha mbele ya Mzee." Oyaro alikuwa upande ule mwingine kwenye mashine yake ya kukandia, amempa mgongo.

Nilitia mguu mmoja ndani. Naapa niliutia. Halafu nikaangalia kiatu. Nikafikiria majivu, nikafikiria wakwe, nikafikiria kwamba Jumapili si yangu tena, niliitoa mbele ya mashahidi. Nikautoa mguu. Nikaondoka nikirudi kinyumenyume mpaka kwenye kona, kama mtu anayetoka mbele ya chifu.

Kwa wakwe nilitia watu vichekesho mpaka baba mkwe akafuta machozi. Nilikula nyama. Haikuwa na ladha, nikailaumu chumvi.

Jumapili iliyofuata Jerusha aliungua mkono, kuanzia kiwiko mpaka kifundo. Jumatatu akaja amefunga kitambaa. Mimi, nikijua nilichokijua, nikasema, "Mama amenunua bangili! Nani huyo anakuhonga?" Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa, kilifika wakati sisi tumeshamaliza.

Halafu Jumapili moja hakuja. Oveni haikuwashwa, na mkate haukutoka. Jumatatu jirani yake wa Oruba alileta aproni imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa, na salamu kwamba Jerusha ameshukuru sana kwa yote, amerudisha chumba kwa mwenyewe na ameenda Rusinga.

Motari akatuita. Alionekana amezeeka kidogo.

"Nimempigia. Anasema mwili umekataa. Sasa, kama ameacha mwenyewe, basi tumebaki sita. Kila mtu anarudi siku sita, pesa kamili ya sheria. Kuna mwenye neno?"

Oyaro alihesabu kwa vidole chini ya meza, na uso wake ukafunguka kama mlango. Nilikiona kile kicheko chake nikataka kumkaripia, ndipo nikagundua kwamba na mimi midomo yangu ilikuwa imeshaanza kwenda masikioni. Pesa ya siku sita, kamili! Nikaifunga midomo haraka. Sijui nani aliniona. Mimi nilijiona.

Dorah alikuwa amesimama mbele ya ile karatasi ukutani. Ilikuwa imejaa mafuta na unga. Dorah ni Mkatoliki, mwanamke wa maneno machache, na akisema huwa hafungi breki.

"Oyaro," akasema, "wewe ulitoa Jumanne. Kwa nini Jumanne?"

"Ilikuwa tu wazi."

"Jumanne ndiyo lori la unga linakuja."

Oyaro akakuna shingo.

"Liz, Jumatatu. Kusugua mikebe yenye mafuta yaliyoungua. Metrine, Jumatano, siku mfereji unakauka tunateka maji na mitungi. Mimi nilitoa Alhamisi." Akaweka kidole kwenye jina lake. "Alhamisi tunaoka mara mbili kwa sababu Ijumaa ni fupi na Jumamosi tumefunga. Nilisema moyoni, nikipumzika Alhamisi miguu yangu itapona. Na hawa mabwana wawili wa oveni..." Akatuonyesha kwa kidevu, mimi na Jacktone, hata hakumalizia.

Karatasi ilikuwa ukutani miezi mitatu, tuliiangalia kila asubuhi, kila mtu akiangalia mstari wake tu. Tulikuwa tumekusanya kila kitu kibaya ndani ya bekari ile, tukakifunga pamoja, tukampa mama wa miaka hamsini na sita, na akatushukuru mkono kwa mkono.

"Gisiri," Dorah akasema, "wewe ndiye ulitupigisha makofi. Nenda umlete."

Motari akasema, "Nafasi yake nitaiweka mpaka Jumapili. Asipokuja Jumapili, nimefunga. Siwezi kuwaita sita, halafu saba, halafu sita, kama mchezo."

Ijumaa tulipofunga saa sita niliondoka na mkate wangu wa Ijumaa kwapani. Pale Homa Bay nikibadilisha gari nilinunua sukari kilo mbili na nikafanya mazoezi ya hotuba. Nilikuwa na hotuba nzuri. Ilikuwa na kichekesho mwanzoni, huruma katikati, na sheria mwishoni. Saa kumi nilikuwa nimeshavuka daraja la Mbita na niko Rusinga, nimeelekezwa nyumba na watu wanne, na kila mmoja alisema, "Yule aliyerudi?"

Nilimkuta ufukweni chini ya boma, pamoja na wanawake wengine, wakikusanya omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa juu ya nyavu. Alikuwa ameinama, anazikokota kwa fagio zikae fungu. Mkono ulikuwa umepona ukaacha ngozi ya rangi nyingine, inang'aa.

"Gisiri!" akasema. "Umepotea ama umetumwa?"

"Nimetumwa na njaa, Mama. Tangu uondoke mkate umekuwa tofali. Watu Migori wameacha kula, wanajengea."

Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza kwa Kijaluo huyu ni nani, na Jerusha akajibu kitu kifupi kilichowafanya wacheke zaidi, sikukielewa. Akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikampa sukari na mkate. Akapokea kwa mikono miwili, kama siku zote.

Kabla sijaanza hotuba, sauti ikatoka juu nyumbani, sauti ya mke wa shemeji, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. "Jerusha! Huyo mgeni wako anakula hapa? Tujue, tupime unga!"

Jerusha akaangalia chini. Akajibu kwa sauti ya juu, ya adabu, "Hapana, anaondoka sasa hivi!" Halafu akaniambia taratibu, "Samahani, nyathina. Ningekupikia."

Hotuba yangu ikapoteza kichekesho chake hapo hapo. Nikaingia kwenye sheria moja kwa moja.

"Mama, Mzee amekuwekea nafasi. Lakini ni mpaka Jumapili, kesho kutwa. Ukipita hapo, amefunga. Na unajua mshahara ni ule wa serikali, kamili. Hapa unalipwa nini?"

"Kwa karai. Karai likijaa, napewa kitu."

"Nani amepima hicho kitu? Kuna afisa wa leba amewahi kuja hapa akauliza wewe unalipwa ngapi?"

"Afisa atakuja kutafuta nini, samaki?" Akatabasamu kidogo. "Huku hiyo sheria yenu haijavuka daraja. Najua, Gisiri. Nikipata karai tatu ni siku nzuri. Mvua ikinyesha, sipati hata moja."

"Na chumba cha Oruba?"

Akaokota omena mmoja aliyeanguka mchangani, akampuliza, akamrudisha kwenye fungu. "Chumba cha Oruba nakiota," akasema. "Naota naingiza ufunguo."

Nikaona mlango umefunguka, nikausukuma kwa bega. "Basi turudi, Mama! Unaona? Wewe mwenyewe unataka. Ulimwambia Mzee mwili umekataa, na hapa umeinama tangu asubuhi. Sisi tulikata mshahara wetu kwa ajili yako. Kila mtu. Hakuna bekari nyingine katika Migori nzima watu wamefanya hivyo. Tulikupa siku zetu."

"Ndiyo. Na nilishukuru mbele ya watu. Si nilimshika kila mmoja mkono?"

"Ulitushika."

"Sasa mkono wenyewe ndio huu." Akaunyoosha nikauona vizuri, ule ukanda wa ngozi mpya, wa waridi, kuanzia kiwiko. Sikujua macho niyaweke wapi, nikayaweka ziwani.

"Ilikuwa bahati mbaya," nikasema.

"Ile Jumapili," akasema, bila hasira hata chembe, kama mtu anayekumbuka bei ya kitu, "ulikuwa umevaa shati jeupe. Ulipendeza."

Nikauangalia mguu wangu, ule ule nilioutia na kuutoa.

"Nilikuwa nimetoa kichwa nipumue, nikaona mguu umeingia mlangoni. Nikasema, Gisiri amekuja. Nikaanza kutafuta koleo la pili."

Mimi Gisiri, ambaye kimya sikiwezi, nikageuka pembeni nikitafuta kichekesho. Wale wanawake walikuwa wameacha kufagia. Sijui walielewa Kiswahili chetu kiasi gani, lakini uso wa mtu hauhitaji mkalimani. Nilitamani wangecheka. Mtu akikucheka unajua utafanya nini, unacheka naye. Hawa walinitazama tu, mpaka mmoja akageuka pembeni kwa heshima, kama vile mtu anageuka ukiwa unavaa nguo.

"Mama," nikasema mwishowe, "nilikosa. Wote tulikosa. Dorah ameisoma ile karatasi, tumeona. Kila mtu alikupa kilichomshinda. Tumeaibika, nakwambia, hata Oyaro hali vizuri." Hilo la Oyaro lilikuwa uongo, Oyaro alikuwa anakula sana. "Lakini mambo yanarekebishwa. Karatasi si ni karatasi tu? Nitaibandua, tuandike upya. Rudi Jumapili, Mama. Rudi, na mimi nitakuwa wa kwanza. Nitakupa Ijumaa yangu. Siku fupi, pesa kamili, na mkate wake juu. Unasemaje?"

Na nilipoyasema maneno hayo moyo wangu ukapata nafuu, nisiwafiche. Nilijiona mtu mkubwa. Ijumaa! Hakuna mwingine aliyefikiria kutoa Ijumaa. Nilikaa wima juu ya ile ndoo nikasubiri anishike mkono.

Jerusha aliufungua ule mkate niliomletea, akaubonyeza kwa kidole gumba, akasubiri uinuke. Haukuinuka. Akaufunga tena ndani ya karatasi yake vizuri, akaniwekea magotini.

"Na Jumapili," akauliza, "utampa nani?"